Kuajiri pekee hakutaziba pengo la walimu

WAHENGA walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika shule nyingi za umma nchini Kenya, mwalimu mgeni hapewi hata hizo siku mbili. Huwasili Jumatatu asubuhi akiwa na barua ya ajira mkononi, hulakiwa na mwalimu mkuu mlangoni pa afisi, na kabla ya kengele ya saa nne kulia huwa tayari amekabidhiwa chaki, vitabu viwili vitatu na darasa lenye wanafunzi 70. Jembe amepewa siku ya kwanza, na mipaka ya shamba lenyewe hajaonyeshwa.

Hayo hayatendeki kwa nia mbaya. Shule iliyokaa miezi kadhaa bila mwalimu wa Hisabati haina subira ya kumkaribisha anayekuja. Hata hivyo, hapo ndipo lilipojificha tatizo ambalo mijadala kuhusu uhaba wa walimu hulipita bila kulitupia jicho. Kila bajeti inaposomwa, swali huwa moja tu: wataajiriwa walimu wangapi? Ni nadra kuulizwa watapelekwa wapi, nani atawashika mkono watakapofika, na ni wangapi watakaokuwa wangali pale pale baada ya miaka mitano.

Maswali hayo matatu ndiyo yanayotofautisha kuajiri na kuziba pengo. Ili kuelewa ni kwa nini, sharti kwanza kufahamu jinsi pengo lenyewe lilivyochimbika.

Chimbuko la uhaba

Uhaba wa walimu si jambo la jana. Kenya ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao 890,000. Mnamo 1974, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipoondoa karo katika madarasa manne ya kwanza, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takribani milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7 katika muda wa mwaka mmoja. Vyuo vya walimu havingeweza kwenda na kasi hiyo. Maelfu ya vijana waliokuwa wametoka tu shuleni waliingizwa madarasani bila mafunzo yoyote ya ualimu, na kwa miaka mingi wakawa ndio nguzo ya shule za mashambani.

Baadaye, ada ziliondolewa katika madarasa yote ya msingi, kisha zikarejea kwa majina mengine. Vyuo viliongezeka na ikawa desturi kwamba kila anayehitimu kutoka chuo cha umma hupata kazi moja kwa moja. Desturi hiyo ilikoma mwaka wa 1998. Serikali, ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wafadhili ya kupunguza gharama za mishahara, ilisitisha ajira ya moja kwa moja. Tangu hapo, mwalimu mpya aliajiriwa tu ikiwa mwingine amestaafu, amefariki au ameacha kazi. Kwa miaka mingi, idadi ya walimu wa serikali ikawekewa kikomo cha takribani 235,000.

Kikomo hicho kilikuwa hakijatimiza miaka mitano wakati serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mnamo Januari 2003. Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka uliofuata. Kulikuwa na madarasa yaliyozidi wanafunzi 100. Mwaka wa 2004, Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret na kusifiwa kote ulimwenguni. Sifa hizo alistahili. Lakini wachache walimfikiria mwalimu aliyetakiwa kumfundisha pamoja na watoto wengine walioketi wakibanana kwenye madawati.

Mawimbi yaliendelea kuja. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kulipia karo ya masomo ya kutwa katika shule za upili. Mwaka wa 2018 ikasisitiza kwamba kila mwanafunzi anayemaliza shule ya msingi ajiunge na sekondari. Kisha, Januari 2023, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 wakaanza masomo ya sekondari msingi chini ya Mtaala wa Umilisi, katika majengo ya shule za msingi. Palikuwa na shule ambako mwalimu mmoja au wawili walitarajiwa kufundisha masomo yote, yakiwemo yale ambayo hawakuwahi kuyasomea. Mnamo 2026, wimbi hilo limefika Gredi ya 10, ambapo wanafunzi wanachagua mikondo ya masomo na kuhitaji walimu mahususi wa Fizikia, ufundi, muziki na michezo.

Kila mojawapo ya hatua hizo ilikuwa ya haki na ya kupongezwa. Lakini katika kila hatua, mlango wa shule ulipanuliwa kwanza, ndipo mwalimu akaanza kutafutwa.

Walimu wapo, nafasi hazipo

Kinachowashangaza wengi ni kwamba uhaba huu unatokea katika nchi iliyojaa walimu. Katika miaka ya hivi karibuni, Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, imekuwa ikitaja upungufu wa walimu unaokaribia 100,000, sehemu kubwa ukiwa katika sekondari msingi. Wakati huo huo, walimu zaidi ya 300,000 waliofuzu na kusajiliwa na tume hiyo hawana ajira ya serikali.

Kwa hivyo, uhaba wa Kenya si wa watu waliosomea ualimu. Ni uhaba wa fedha za kuwalipa, na wa mpango wa kuwafikisha mahali wanapohitajika wakiwa na uwezo wa kufanya kazi inayowasubiri.

Pengo hilo halikuachwa wazi. Lilizibwa na wazazi. Shule nyingi huajiri walimu wao kupitia bodi za usimamizi, na kabla ya sheria ya elimu ya 2013 waliajiriwa kupitia vyama vya wazazi na walimu. Mwalimu wa bodi hulipwa kwa michango ya wazazi, aghalabu kiasi kidogo kisicholingana na kazi anayofanya, na wakati wa likizo huenda asilipwe chochote. Shule yenye wazazi wenye uwezo huajiri watano. Shule ya kijiji maskini haina wa kumwajiri hata mmoja. Matokeo ni kwamba mzigo wa uhaba huwaelemea zaidi wale walioahidiwa elimu isiyo na malipo.

Serikali nayo imejaribu njia ya mkato mara mbili, na mara zote mbili hadithi imeishia mahali pamoja.

Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa muongo wa 2000, ilipopangwa kuajiri walimu wapatao 18,000 kwa mkataba wa muda. Wazo hilo lilikuwa na msingi. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya ulikuwa umeonyesha kuwa shule zilizopewa mwalimu wa ziada wa mkataba zilipata matokeo bora. Lakini Chama cha Walimu Nchini, KNUT, kiliupinga mpango huo kikisema unawadhulumu walimu waliohitimu, na Septemba 2011 shule zilifungwa kwa mgomo. Serikali ilikubali kuwapa walimu hao ajira ya kudumu.

Mara ya pili ilianza mwaka wa 2019, TSC ilipoanzisha mpango wa walimu wanagenzi. Ulipopanuliwa mwaka wa 2023 ili kuhudumia sekondari msingi, mwanagenzi wa ngazi hiyo alipokea posho ya Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, ilhali alifanya kazi sawa na mwenzake wa kudumu aliyeketi meza ya pili katika majilisi. Aprili 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba haikuwa halali kuwaajiri walimu waliofuzu kama wanagenzi. Mwezi uliofuata, walimu wa sekondari msingi waligoma. Kufikia Januari 2025, wanagenzi wapatao 46,000 walikuwa wamepewa ajira ya kudumu, na kwa wakati uo huo wengine 20,000 wakaajiriwa kwa masharti yale yale ya uanagenzi.

Funzo lililosahaulika

Kisa cha walimu wa mkataba kina sehemu ya pili ambayo haijulikani sana, na ambayo ndiyo kiini cha suala hili.

Wakati serikali ikiandaa mpango wake, kundi la watafiti, wakiwemo Wakenya Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu pamoja na Tessa Bold na Justin Sandefur, lilifuatilia shule 192 kutoka mikoa yote minane ya wakati huo. Baadhi ya shule zilipewa mwalimu wa mkataba chini ya usimamizi wa shirika lisilo la kiserikali. Nyingine zilipewa mwalimu wa namna hiyo hiyo, kwa mkataba wa aina hiyo hiyo, lakini chini ya usimamizi wa serikali.

Matokeo yaliachana kama mbingu na ardhi. Katika shule zilizosimamiwa na shirika, alama za wanafunzi zilipanda. Katika zile zilizosimamiwa na serikali, hapakuonekana mabadiliko yoyote. Watafiti walipochunguza sababu, waligundua kwamba chini ya serikali mishahara ilichelewa, ufuatiliaji shuleni ulikuwa hafifu, na mvutano kuhusu ajira ya kudumu ulikuwa umewayumbisha walimu wenyewe.

Kwa ufupi, mwalimu alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mikono iliyompokea.

Kituo kinapomkimbiza mwalimu

Ulimwenguni kote, tatizo la walimu kuiacha kazi linazidi. Shirika la UNESCO, katika ripoti yake ya mwaka wa 2024, lilikadiria kwamba dunia itahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia 2030, milioni 15 kati yao wakihitajika Afrika kusini mwa Sahara. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba kiwango cha walimu wa shule za msingi wanaoacha kazi kilikaribia kuongezeka maradufu, kutoka asilimia 4.6 mwaka wa 2015 hadi asilimia 9 mwaka wa 2022.

Kenya ina sura yake ya tatizo hilo. Kwa kuwa kazi ya kudumu ni adimu, mwalimu aliyeipata haiachi kwa urahisi. Anachokiacha ni kituo. Kanuni za ajira humtaka mwalimu mpya adumu mahali alipoajiriwa kwa angalau miaka mitano, lakini maombi ya uhamisho kutoka maeneo makame, visiwa na mipaka hayakomi. Kwenye orodha ya mishahara ya taifa mwalimu huyo angali yupo, ila darasa aliloliacha nyuma halina mtu.

Hakuna mahali ambapo uchungu huo umeonekana kama kaskazini mashariki. Kwa miongo mingi, shule za Garissa, Wajir na Mandera zilitegemea walimu kutoka sehemu nyingine za nchi. Novemba 22, 2014, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi na kuwaua abiria 28. Wengi wa waliouawa walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo ya Krismasi. Mwaka uliofuata, mamia ya walimu walikataa kurejea na kupiga kambi jijini Nairobi wakidai uhamisho. Mashambulizi mengine yalifuata. Mapema mwaka wa 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, TSC iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika eneo hilo.

Hakuna anayeweza kumlaumu mwalimu kwa kuokoa maisha yake. Lakini waliobaki nyuma ni watoto, na kilichowapata kinaeleza jinsi uhaba unavyojizalisha. Shule isiyo na mwalimu wa sayansi hutoa watahiniwa wanaoshindwa kupata alama ya C. Asiyepata C hakubaliwi katika chuo cha ualimu. Chuo kikikosa wenyeji, shule hukosa walimu wanaoweza kukaa. Kizazi kinachofuata nacho hufeli kwa sababu ile ile.

Ili kuvunja mzunguko huo, serikali imewahi kupunguza alama za kujiunga na vyuo kwa vijana wa maeneo hayo. Wapo waliopinga wakisema viwango vinashushwa. Hoja yao ina uzito, iwapo kijana huyo atafunzwa, apewe cheti, kisha aachwe peke yake. Lakini kijana anayeingia chuoni akiwa na alama ya chini na kutoka akiwa chini ya uangalizi wa karibu wa mwalimu mzoefu anaweza kuwa bora kuliko mwenye alama ya juu asiyedumu kituoni zaidi ya mihula miwili.

Maana ya ulezi wa kitaaluma

Katika kazi nyingi zinazoheshimika, haitarajiwi kwamba cheti pekee kinatosha. Daktari hupitia mwaka wa mafunzo hospitalini chini ya madaktari wakuu. Wakili hukaa katika afisi ya mwenzake kabla ya kuapishwa. Fundi wa useremala mwenye busara hamwachii mwanagenzi randa na mbao ya mninga siku ya kwanza. Mwalimu ndiye hutoka chuoni na kuingia darasani, akafunga mlango, na kuanzia hapo ikawa yeye na wanafunzi wake.

Chuoni alifunzwa kuandaa maazimio ya kazi na andalio la somo. Alifanya mazoezi ya kufundisha kwa muda mfupi, akakaguliwa mara chache. Ambacho hakufunzwa ni mambo yanayoamua iwapo atafaulu: jinsi ya kusahihisha madaftari 70 kila siku bila kukesha, la kufanya na mtoto wa Gredi ya 4 asiyejua kusoma, namna ya kufundisha darasa ambalo nusu ya wanafunzi hawaelewi lugha ya kufundishia, jinsi ya kuzungumza na mzazi aliyekuja na hasira, na jinsi ya kumrudi mtoto bila kiboko, ambacho sheria imekipiga marufuku.

Hayo ndiyo mambo ambayo mlezi wa kitaaluma humfunza mwalimu mpya. Mlezi si mkaguzi, na tofauti hiyo ni muhimu. Mkaguzi huja kutafuta makosa na kuandika ripoti inayopelekwa juu. Mlezi huketi nyuma ya darasa, akatazama, kisha wakaketi wawili chini ya mwembe na kuulizana: pale wanafunzi walipoanza kunong'ona, ni nini kilichotokea? Siku nyingine huwa kinyume, mwalimu mpya akaketi nyuma na mlezi akafundisha.

Haja hiyo ni kubwa zaidi nchini Kenya kwa sababu ya foleni ndefu ya ajira. Miongozo ya TSC imekuwa ikitoa alama zaidi kwa waliohitimu miaka mingi iliyopita, ili wasisahaulike. Ni haki kufanya hivyo. Lakini maana yake ni kwamba mtu aliyehitimu mwaka wa 2012 huenda akaitwa kazini mwaka wa 2025. Katika miaka hiyo 13 huenda ameendesha bodaboda, amelima, au amechuuza nguo sokoni ili kuikimu familia. Alisomea mfumo wa 8-4-4, naye anawekwa mbele ya wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi. Kumwita mtu huyo kazini bila kumnoa upya ni kumtega aanguke.

Yaliyowahi kufaulu

Ulezi na usaidizi si ndoto za vitabuni. Kenya imewahi kuvijaribu na vikafaa.

Mwaka wa 1998, kwa ushirikiano na serikali ya Japan, ulianzishwa mradi wa mafunzo kazini kwa walimu wa Hisabati na Sayansi wa shule za upili, uliofahamika kama SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa na kuenezwa kote nchini kuanzia 2003. Badala ya kuwatenga walimu kwa mihadhara mirefu, uliwakutanisha wao kwa wao, wakafanya majaribio ya sayansi kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, wakafundishana na kukosoana. Kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, ni tunda la kazi hiyo.

Mfano mwingine ni mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma kote nchini kuanzia 2015. Wengi wanaukumbuka kwa vitabu vyake. Lakini nguvu yake nyingine ilikuwa maafisa wa usaidizi wa mtaala, ambao zamani walihudumu katika vituo vya ushauri kwa walimu. Kila afisa alipewa tabuleti na nauli ya kumfikisha shuleni. Alitazama somo la Kiingereza au Kiswahili, akawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha akaketi na mwalimu kumweleza alichokiona. Takwimu za ziara hizo zilifika ngazi ya kaunti na makao makuu, hivyo ilijulikana ni shule ipi haijatembelewa. Tathmini zilizofuata zilionyesha kuwa watoto wengi zaidi walikuwa wakisoma kuliko hapo awali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Tusome haikuajiri walimu wapya. Iliwafikia waliokuwepo. Nauli ya afisa wa kumtembelea mwalimu haikuwa jambo dogo: bila hiyo, cheo chake hubaki afisini.

TSC yenyewe imeandaa utaratibu wa kuwakaribisha, kuwalea na kuwanoa walimu wapya. Nalo jopo la rais kuhusu mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Prof Raphael Munavu na kuwasilisha ripoti yake mwaka wa 2023, lilipendekeza wanaohitimu ualimu wapitie mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Tatizo ni kwamba neno uanagenzi tayari limechafuka. Kwa walimu wengi lina maana ya kazi kamili kwa malipo nusu. Uanagenzi wa kweli una dalili tatu: mwanagenzi ana mlezi anayejulikana kwa jina, hubeba vipindi vichache kuliko wenzake, na huwa na tarehe ya kumaliza. Palipokosekana hayo, huo ni ubanaji wa matumizi uliovishwa kanzu ya mafunzo.

Ulezi una gharama

Yapo yanayoweza kuukwamisha ulezi hata mahali unapotakiwa. La kwanza ni wakati. Mwalimu mzoefu mwenye vipindi 30 kwa wiki hawezi kumlea mwingine ila kwa kuiba muda wake wa kusahihisha. Shule inayomteua mlezi bila kumpunguzia vipindi imeandika jina tu kwenye faili.

La pili ni udogo wa shule. Katika maeneo makame kuna shule zenye walimu watatu au wanne, wote wakiwa wageni. Hapo ulezi hauna budi kuvuka ua. Shule jirani zinaweza kuunganishwa, zikagawana mwalimu mmoja mzoefu anayezizunguka, au walimu wa somo moja wakakutana Jumamosi moja kila mwezi. Hata walimu waliostaafu wakiwa na umri wa miaka 60, wengi wao wakiwa na nguvu na hekima tele, wanaweza kuitwa kwa kazi hiyo kwa posho ya wastani.

La tatu ni nani anayelipa. TSC ilipotangaza mafunzo endelevu ya walimu mwaka wa 2021, walimu walitakiwa kugharamia wenyewe kwa Sh6,000 kila mwaka. Vyama vya walimu vilipinga vikali, na mafunzo ambayo yangewafaa walimu yakaonekana kuwa adhabu.

Usaidizi wenyewe hauishii darasani. Marupurupu ya mazingira magumu yapo, lakini fedha hazimfai sana mwalimu asiye na nyumba ya kupanga umbali wa kilomita 20, wala maji ya kuoga. Chumba kimoja cha mwalimu karibu na shule, chenye mlango unaofungika na tangi la maji ya mvua, chaweza kumzuia mwalimu wa kike asiombe uhamisho kuliko nyongeza ndogo ya mshahara. Hilo ni jambo ambalo hazina ya ustawi wa maeneobunge na jamii zenyewe zinaweza kulifanya.

Uhamisho nao unahitaji utu. Mwaka wa 2018, TSC ilianza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, kutoka kaunti zao ili kuleta utangamano wa kitaifa. Familia nyingi zilitengana, malalamiko yakafika Bungeni, na mwaka wa 2023 maelfu ya walimu wakarudishwa karibu na nyumbani. Kumpeleka mwalimu mbali si kosa, mradi ajue ni kwa muda gani, na ajue kwamba baada ya muda huo hatahitaji kumjua mkubwa fulani ili arudi.

Kuajiri kwa mpango

Yote haya hayapunguzi ulazima wa kuajiri. Mlezi hawezi kumlea mwalimu ambaye hayupo, na hakuna ulezi utakaomwezesha mtu mmoja kufundisha masomo tisa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima isiyo na malipo, na Kifungu cha 237 kinaipa TSC jukumu la kuajiri walimu na kuishauri serikali kuhusu mahitaji yao. Ushauri huo una maana tu ikiwa unatangulia maamuzi.

Watoto watakaoingia Gredi ya 10 baada ya miaka mitano tayari wako darasani. Idadi yao inajulikana, na kaunti wanazotoka zinajulikana. Inawezekana leo kukadiria ni walimu wangapi wa Fizikia watakaohitajika Turkana na wangapi wa Kiswahili watakaohitajika Kisii, na ni wangapi watakaostaafu kufikia wakati huo. Vyuo vikuu vikielezwa hivyo mapema, havitaendelea kufurika wanafunzi wa masomo ambayo tayari yana walimu wa kupindukia huku maabara zikikosa wa kuzifungua.

Kila shilingi inayotengwa kwa ajira mpya inastahili kuandamana na senti za kumpokea anayeajiriwa: nauli ya afisa wa kumtembelea, vipindi vilivyopunguzwa vya mlezi wake, na paa la kulala. Bila hizo, serikali itaendelea kujaza mtungi uliotoboka na kushangaa kila Januari kwa nini haujai.

Mwalimu aliyewasili Jumatatu akiwa na barua yake mkononi hakuja kutafuta huruma. Alikuja kufundisha. Akipata mtu wa kumwonyesha mipaka ya shamba katika siku zile mbili za kwanza, jembe atalishika mwenyewe siku ya tatu, na baada ya miaka mitano atakuwa angali pale, yeye sasa akiwa ndiye anayemngoja mgeni mlangoni.